Mahali Watu Wanaponunua Kuni

Vijana wangu, ninyi mnaohesabu watu kwa vishikwambi, mnagusa kioo na eneo zima linatokea na mipaka yake, mara nyingi mnaniuliza sisi wa zamani tulijuaje kwamba hapa ni mjini na pale ni kijijini. Mnauliza kwa mzaha kidogo, kama mtu anayetaka kujua watu wa kale walinyolea ndevu kitu gani. Leo nawajibu, ila mnivumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu langu ni habari za woga. Kazi ile niliipenda, lakini sikumbuki wiki niliyoifanya bila kuogopa.

Mimi naitwa Tusajigwe. Nilizaliwa Rungwe, nikaajiriwa Iringa miaka ya sabini, nikapanga chumba Mlandege kwa mama mmoja Mbena aliyekuwa akinifungia mlango nikichelewa kurudi. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za sensa. Watu wengi hudhani sensa ni siku ile karani anapobisha hodi na kuuliza mmelala wangapi. Hiyo ndiyo ncha ya kazi. Kabla yake kuna watu wanaoizunguka nchi kwa miguu na kuikata vipande vipande, kila kipande kiwe cha kumtosha karani mmoja. Unachora kila nyumba, kila njia, kila kijito, kanisa la Walutheri, kanisa la Wakatoliki, mashine ya kusaga. Ukimaliza, juu ya ramani kuna nafasi ya kuandika neno moja kati ya mawili: mji au kijiji.

Neno hilo moja ndilo lililonizeesha.

Makao makuu ya mkoa na ya wilaya hayakuwa na ubishi. Iringa mji. Mbeya mji. Chunya nayo, pamoja na vumbi lake lote, mji, kwa sababu mkuu wa wilaya alikaa pale. Kazi ilikuwa kwenye sehemu zilizobaki. Maelekezo yalisema tuangalie kama pana soko, maduka, shule, zahanati, mahakama, na kama watu wengi wa pale wanaishi kwa kitu kingine kisicho kilimo. Ukisoma ofisini unaona ni rahisi. Ukifika, unakuta soko lipo siku moja tu kwa wiki, duka ni moja na limefungwa, na fundi cherehani ana shamba la mahindi nyuma ya nyumba. Sasa huyo ni fundi au ni mkulima? Ukimuuliza mwenyewe, anakujibu kwa kukuangalia nguo: kama umekuja na suruali ya ofisini, atakuambia ni mkulima, maana alisikia serikali inapenda wakulima.

Wala wingi wa watu haukutusaidia, na sababu ni Operesheni. Ninyi mmeisoma darasani. Sisi tuliiona. Miaka michache kabla ya sensa watu walitolewa kwenye maboma yao na kukusanywa vijijini, na vijiji vingine vikawa na watu wengi kuliko miji. Safari yangu ya kwanza nilipelekwa tambarare za Usangu. Nikakuta nyumba zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, barabara pana, shule mpya, mabati yanang'aa mpaka unakunja macho. Nikaandika mji, tena kwa mwandiko mzuri. Mkubwa wangu, Ndugu Kalinga, akaikunjua ile ramani mezani, akaitazama, akaniuliza, "Dada Tusa, hawa ng'ombe umewaweka wapi?"

Nikamwambia ng'ombe hatuwahesabu.

"Najua. Lakini kuna familia za Wasukuma pale wameshuka na mifugo yao, kila boma lina zizi. Wengine wote wanalima mpunga. Umetuletea mji ambao asubuhi hauna mtu hata mmoja, wote wako shambani."

Ndugu Kalinga alikuwa Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mwembamba, mpole, asomaye miwani ikiwa imeshuka puani. Hakunicheka. Siku ya pili alinichukua kwa Landrova mpaka mahali pengine njiani, akaagiza chai, akakaa. Nikangoja tuanze kazi. Yeye anakunywa chai. Nikamuuliza tunafanya nini.

"Tunangoja mtu anunue kuni," akasema.

Nilidhani ananitania. Baadaye akanieleza. Mkulima kuni anaokota akirudi shambani, au watoto wake wanaokota. Ukiona kuni zimefungwa mafungu kando ya njia na mtu anatoa hela ananunua, jua hapo pana mtu ambaye siku yake ameiuza kwa kitu kingine, hana muda wa kwenda porini. Vivyo hivyo mchicha. Vivyo hivyo maji. Alikuwa na alama nyingine pia: kama saa nne asubuhi unamkuta mwanamume mzima amekaa barazani na hana aibu, pengine yuko kazini. Hayo hayakuwa kwenye maelekezo, na hatukuyaandika popote, lakini yalitufanya tuulize maswali yanayofaa.

Alinifundisha na mengine mawili ambayo hamtayakuta kwenye semina. La kwanza, namba ya nyumba iandikwe kwa chaki juu ya fremu ya mlango, ndogo, pembeni. Usiiandike katikati ya mlango, na usiiandike kubwa. Wakati wa Operesheni, sehemu nyingine watu waliamka wakakuta milango yao ina alama, na wiki haikuisha nyumba haina paa. La pili: mtu mkubwa akikuomba kitu ambacho hutakiwi kumpa, usimkatalie. Mwombe akuandikie barua.

Hilo la pili nililicheka nilipolisikia. Sikulicheka tena.

Basi, tulipokuwa tumebakiza sehemu chache upande wa Mbeya, tukapewa Mabatini. Hamtaipata kwenye ramani kwa jina hilo sasa. Palikuwa na kambi ya wajenzi wa reli. Reli ilipokwisha wakaondoka, yakabaki mabanda ya mabati, na watu wakaingia. Lori zilizokuwa zikipanda kwenda Mbeya na kushuka kwenda Iringa zilisimama pale kupoza injini. Palikuwa na mafundi wa kuziba pancha, cherehani tatu chini ya paa moja, kinyozi, wachuuzi wa viazi, na hoteli, yaani kibanda cha chai na wali, ya mwanamke mmoja aliyeitwa Sekela. Ng'ambo ya mto, mwendo wa kuchoka kidogo tu, kilikuwapo kijiji kilichopangwa. Watu wa Mabatini kwa mujibu wa mpango walitakiwa wawe kule, wanalima. Hawakuwa kule.

Tukiwa ndiyo tunaanza, Ndugu Kalinga akashikwa na tumbo. Alijikunja kwenye kiti cha Landrova mpaka jasho likamtiririka shingoni. Dereva wetu, Mzee Sanga, Mkinga mtu mzima asiyependa maneno, akamkimbiza hospitali Tosamaganga, wakampasua. Mzee Sanga akarudi peke yake na ujumbe: niendelee, nimalize Mabatini, na nisiandike neno la juu mpaka tuzungumze.

Nikabaki mimi, chaki, ramani, na Mzee Sanga.

Nililala kwenye chumba cha nyuma ya hoteli ya Sekela. Siku ya kwanza alinisikia nikitaja Tukuyu, mji wa kwetu Rungwe, akaacha sufuria akanigeukia. "Mugonile," akanisalimu, na mimi nikamwitikia kwa Kinyakyusa, basi ikawa kana kwamba tumekulia mtaa mmoja. Alikuwa amenizidi umri, nikamwita dada, akaniita mdogo wangu. Alinipa ugali na maharage na hakutaka tuandikiane deni lolote. Lakini niliona kwamba kila gari dogo likipunguza mwendo barabarani, mkono wake unasimama. Lori hazikumshtua. Gari dogo lilimshtua.

Siku nilipoandika namba kwenye mlango wake, alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

"Hiyo ni ya nini, mdogo wangu?"

"Ya kuhesabu, dada. Karani akija asiiruke nyumba yako."

"Na asiporuka, halafu?"

Akaniambia habari zake taratibu, huku akipeta mchele. Mume wake alikuja na reli, akaondoka nayo. Yeye alikuwa akiishi na mama yake juu kidogo, upande wa milimani. Operesheni ilipofika, mama alikuwa mgonjwa, amelala ndani. Vijana wa mgambo waliambiwa wasubiri, wakasubiri kidogo, kisha wakapanda juu wakaanza kutoa nyasi za paa. Walimbeba mama kwa machela wakamweka kwenye eneo la kijiji kipya, mahali ambapo palikuwa na kijiti tu chenye namba. Mvua ilinyesha. Mama hakumaliza wiki. Sekela akamzika pale, na baada ya kumzika akatembea mpaka barabarani, na Mabatini ndipo alipochokea.

"Sasa niambie ukweli," akasema. "Mkituandika kijiji, watasema tuvuke mto. Mkituandika mji, nasikia mjini wasio na kazi wanapakiwa kwenye magari wanarudishwa vijijini. Nikuombe uandike nini?"

Tulikuwa na jibu tulilofundishwa: sensa haihamishi mtu, sensa haitozi kodi, siri yako ni siri. Nililisema lote. Nikaona linaanguka chini katikati yetu. Akaniuliza tena, kwa sauti ndogo, kama ninajua kwa hakika. Nikamwambia sijui. Najua sisi hatutampa mtu ramani. Watu wengine watafanya nini, sijui.

Alinishukuru kwa hilo. Lakini tangu hapo sikulala vizuri. Mchana nikichora kibanda, najiuliza namchorea nani. Mnielewe: ramani nzuri ya makazi ni kitu cha hatari. Inaonyesha mlango uko upande gani. Inaonyesha njia ya uchochoroni. Karani anaihitaji asimruke mtu, na mtu mwingine anaweza kuihitaji kwa sababu hiyohiyo.

Siku moja kabla ya mchana nilikuwa nimeikunjua ramani juu ya boneti ya Landrova, nasahihisha njia ya mtoni, gari dogo likaingia. Akashuka bwana mmoja kutoka ofisi za wilaya. Jina lake halina faida. Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi, nadhifu sana, na nyuma yake walishuka mgambo wawili. Nilimwamkia, akaitikia vizuri tu. Akaja moja kwa moja kwenye boneti, akainama juu ya ramani.

"Kazi safi hii," akasema. "Umechora wewe?"

"Ndiyo, Ndugu."

"Hawa ndio wale waliotoroka kijijini. Tunawatafuta muda mrefu, hatujui hata ni kaya ngapi. Wewe umetufanyia kazi yote." Akaweka kidole kwenye hoteli ya Sekela, akakitembeza banda kwa banda. "Nipe hii, nitampa kijana wangu ainakili, kesho unarudishiwa."

Nilikuwa msichana wa cheo cha chini, mkubwa wangu kitandani amefungwa bandeji, na yule mtu angeweza kunifukuzisha kazi kwa simu moja. Nikasikia sauti yangu ikitoka nyembamba kama ya mtoto. "Ndugu, ramani siyo yangu. Ni ya sensa. Naomba uniandikie barua, niipeleke Iringa kwa mkubwa wangu."

"Barua ya nini? Sote ni serikali."

"Ndiyo, Ndugu. Barua ya kusema unaichukua kwa kazi gani."

Akanitazama. Nikaanza kuikunja ramani. Mzee Sanga, ambaye alikuwa amelala chini ya gari anakaza nati, akatoka taratibu, akajipangusa, akasimama karibu yangu. Yule bwana akatabasamu.

"Nitaandika," akasema. "Nitarudi nayo mwenyewe, na nitarudi na watu."

Wakaondoka.

Nilikaa kwenye kidato cha Landrova. Nilidhani nimeshinda kitu. Nilidhani nitakwenda kumwambia Sekela na atafurahi. Nilipoinua macho nikaona Mabatini imefungwa. Cherehani zimenyamaza. Mtu wa pancha ameingiza pampu ndani. Na juu ya milango, pale nilipokuwa nimeandika namba zangu ndogo, palikuwa pamepakwa tope.

Waliona nini wao? Waliona mgeni wao amekunjua ramani mbele ya bwana wa wilaya, bwana ananyoosha kidole kwenye nyumba zao moja moja, na wanaagana kwa adabu. Maneno yetu hayakuwafikia.

Nikaenda kwa Sekela. Alikuwa anakunja godoro.

"Dada, sikumpa."

"Hukumpa nini?"

"Ramani. Aliiomba, nikamnyima."

Akaendelea kufunga kamba. "Nakuamini," akasema. Nilishangaa, maana alisema kweli. Akakaza fundo, akakaa juu ya godoro. "Siyo kwamba nakuona mwongo, mdogo wangu. Umemnyima leo. Akirudi na watu?"

"Nitamnyima tena."

"Wakikushinda, wewe utarudi Iringa. Mimi wakikushinda nitavushwa mto, nikalale karibu na lile kaburi. Siwezi kukaa hapa nikisubiri kuona kama una nguvu."

Nilimsaidia kubeba sufuria. Lori lililokuwa linakwenda Mbeya lilimchukua, na wengine pia wakapanda lori za siku zile, wengine wakashuka Iringa, wengine wakaingia porini kwa jamaa zao. Waliobaki walikuwa wachache, na walinisalimia wakiwa wameangalia pembeni.

Nikangoja barua. Hamjui kungoja barua ya mtu aliyekutisha kulivyo. Kila gari dogo likipunguza mwendo, sasa mkono uliosimama ulikuwa wangu. Usiku nililala na ramani chini ya godoro, kisha nikaona huo ni upumbavu, kwa maana ndipo wangeanza kutafuta, nikaihamishia kwa Mzee Sanga. Yeye aliikalia. Kwa kweli aliikalia, kwenye kiti cha dereva, mchana na usiku, akala hapohapo. Nilipomwambia apumzike, akasema tu, "Wewe chora."

Nikafuta tope, nikaandika namba upya, hata kwenye milango iliyofungwa. Nikazunguka na maswali yangu kwa wale waliobaki. Kuni zilikuwa bado zinauzwa pale njiani. Hilo lilinipa nguvu kidogo.

Barua haikuja. Ndugu Kalinga akarejea kazini kabla hajapona sawasawa, anatembea ameinama kama anayetafuta kitu chini, nikamweleza yote. Hakunisifu. Aliuliza kama yule bwana aliigusa ramani. Nikasema aliigusa kwa kidole. "Hivyo anakumbuka nyumba zilipo," akasema. Basi na yeye akaanza kuogopa, na nilipoona mtu mzima vile anaogopa, woga wangu ukaongezeka mara mbili.

Orodha ya miji ilipitishwa kwenye kikao pale Mbeya, chumba chenye meza ndefu na chai ya maziwa. Tuliingia na ramani zetu, na nani amekaa upande wa pili? Yule bwana wa suti nadhifu. Nilijua tumekwisha. Sehemu nyingine zilipita haraka: mji, kijiji, kijiji, mji. Ilipofika Mabatini, akaomba kusema. Akasema pale si mahali, ni wakimbizi wa vijiji. Waandikwe chini ya kijiji cha ng'ambo ya mto, na utaratibu wa kuwavusha utafuata. Akasema tena, watu wenyewe sasa wamepungua, baada ya muda hapatakuwa na kitu.

Ndugu Kalinga akajaribu kusimama, kidonda kikamuuma, akakaa. Akaanza kuzungumzia maduka na lori. Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye usingizi ambaye tulidhani hasikilizi, akamkatiza akamgeukia yule bwana.

"Ndugu, hao watu wanalima?"

"Hawalimi kabisa, Mheshimiwa. Ndiyo shida yao. Tumewapa mashamba, wameyaacha. Kutwa wanauza chai na kushona nguo. Hata kuni wananunua."

Mimi na Ndugu Kalinga hatukuangaliana. Nilikuwa nimebana mikono katikati ya magoti.

"Hawalimi," mwenyekiti akarudia, akiandika. "Sasa mnataka tupaite kijiji kwa lipi?" Akapindua ukurasa. "Mji. Inayofuata."

Ndivyo Mabatini ilivyokuwa mji, vijana wangu. Mnaposoma kwenye taarifa kwamba mahali fulani ni mji, msidhani ilishuka kutoka mbinguni. Kulikuwa na meza, na chai, na mzee aliyechoka, na mtu aliyesema neno asilolipima. Kwa upande huu bahati ilikuwa yetu. Upande mwingine, katika kikao hichohicho, niliona makazi matatu yenye watu waliokuwa kama wale wa Mabatini yakipitishwa kuwa vijiji kwa sababu hayakuwa na mtu wa kuyabishia.

Hakuna aliyevushwa mto. Yule bwana alihamishwa kituo, na joto la Operesheni lilikuwa limeshapoa, ila sisi wa chini hatukuwa tumeambiwa. Baadhi ya waliokimbia walirudi. Sekela hakurudi. Banda lake likaingiwa na fundi viatu.

Sensa yenyewe ilipofika, nikapelekwa Chunya kusimamia makarani. Siku ya kuzungukia kambi za wachimbaji wadogo wa dhahabu tuliingia mbali, njia yote vumbi jekundu mpaka kope zinakuwa nzito. Kambi ilikuwa ya maturubai na fito. Watu walikuwa wengi kuliko Mabatini ilivyopata kuwa. Hakuna aliyelima hata mche. Walinunua kila kitu, na maji yalikuja kwa mapipa juu ya mkokoteni wa punda. Lakini shule hakuna, zahanati hakuna, na dhahabu ikiisha turubai linakunjwa. Kwa hiyo kwenye ramani kambi ile ilikuwa imewekwa chini ya kijiji kimoja kilicho mbali kule, ambacho wachimbaji wengi hawajawahi kukiona.

Karani wangu alikuwa amezidiwa na foleni. Nikachukua dodoso mwenyewe nikaingia kwenye turubai lililokuwa linatoa moshi wa chapati. Nikabisha hodi. Sekela akageuka na mwiko mkononi.

Tulisalimiana kwa Kinyakyusa, kwa kirefu, hali ya nyumbani, mvua, wazee. Akanipa chai. Nilijua lazima nimwambie, na sikujua nianzeje, nikasema tu, "Dada, Mabatini iliandikwa mji. Hawakuhamisha mtu."

Akageuza chapati. Akaigeuza tena kabla haijawiva.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Banda lako lipo. Anakaa fundi viatu."

"Basi ningebaki."

"Ungebaki."

Wachimbaji wawili wakaingia, akawahudumia, akawarudishia chenji, wakatoka. Akakaa kwenye kigoda karibu nami, akajifuta unga mikononi.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua, dada. Nilikuwa nakufa kwa woga."

"Basi mimi ningejuaje," akasema, bila hasira.

Nikafungua dodoso. Jina. Umri, akakadiria. Kisha swali ambalo na ninyi mnaliuliza mpaka leo, na naomba mkiliuliza muinue macho kwenye kioo mmtazame mtu: mahali unapoishi kwa kawaida.

"Kwa kawaida," Sekela akarudia, kama anayeonja chumvi. Akatazama maturubai, akatazama njia niliyokujia, nikadhani atasema Rungwe, au Mabatini. "Andika hapa," akasema. "Na hapa mmepaandika nini?"

Nikamwambia. Kijiji.

Mchimbaji mmoja aliyekuwa mlangoni akisubiri chai akasikia. Akaingiza kichwa ndani, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani, dada, kijiji kipi?"

Sekela akanitazama nijibu. Nilikitaja kwa jina. Yule kijana akawaza, akatikisa kichwa, akasema hakijui, na akamuuliza Sekela kama yeye anakijua.

"Sijafika," Sekela akasema, akanyanyuka kumpa chai. "Lakini kama tumeshaandikwa huko, labda tuanze kujua njia."